Sauti katika Ukurasa wa Mtandao: Pambo au Ushahidi?

Mafundisho ya kutengeneza kurasa za mtandao yamezoea kuuweka muziki mwishoni, baada ya rangi na picha, kana kwamba ni marashi ya kuwanyunyizia wageni mlangoni. Asili ya mazoea hayo yajulikana. Katikati ya miaka ya 1990 kivinjari Internet Explorer kilikuwa na alama iliyoamuru wimbo upigwe mara tu ukurasa ufunguliwapo, na mara nyingi wimbo huo ulikuwa faili ya MIDI. Faili ya namna hiyo haina sauti ndani yake. Ina maagizo tu ya noti zipi zipigwe, na kwa muda gani. Ndiyo sababu ilikuwa nyepesi kusafirishwa, na ndiyo sababu haikuweza kubeba hata neno moja la mwanadamu. Basi fundisho la kwanza la sauti mtandaoni lilihusu muziki usiosema kitu.

Urithi huo haufai kwa Kiswahili. Taarabu, kwa mfano, husikilizwa kwa maneno yake na mafumbo yake, na atakayeiweka ipige chini ya makala atamlazimisha msomaji kuchagua kati ya kusoma na kusikiliza, kwa kuwa maneno ya namna mbili hayafuatwi kwa wakati mmoja. Utenzi nao umetungwa kwa mizani ili usomwe kwa sauti. Kuuchapa kimya, kisha kuupambia kinanda cha kigeni, ni kuiondoa sauti yake na kuiazima isiyo yake.

Hasara iliyo kubwa zaidi iko katika kamusi na masomo ya lugha. Herufi zetu za kawaida huandika kaa la moto na kaa wa pwani sawasawa, hali katika Kimvita yule wa pwani hutamkwa kwa pumzi na lile la moto bila pumzi. Ndivyo ilivyo pia kwa paa wa mwituni na paa la nyumba. Barabara ipitwayo na magari na barabara yenye maana ya sawasawa hutofautiana kwa mkazo tu. Hapa sauti si pambo, bali ni ushahidi ambao maandishi yamekosa kuutoa, na mwanafunzi aliye mbali na pwani hana pengine pa kuupata.

Lakini ushahidi nao waweza kuharibiwa na fundi. Rekodi ichukuayo sampuli 8,000 kwa sekunde, kama ilivyokuwa desturi ya simu, haiwezi kubeba mitetemo iliyozidi 4,000 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya mvumo wa s iko juu ya hapo. Matokeo yake ni kwamba thamani na samani hukaribiana mno sikioni, na mwanafunzi hulaumiwa kwa kosa la mashine. Kwa upande wa pili, sauti ya kiwango cha santuri ya CD, yenye sampuli 44,100 na njia mbili, hula karibu megabaiti 10 kwa dakika, mzigo mzito kwa anunuaye kifurushi cha data kidogo kidogo. Neno moja halihitaji njia mbili. Njia moja, tena iliyobanwa kwa MP3 kwa kiasi, yatosha.

Lipo na suala la asiyeona. Huyu huusomewa ukurasa na programu yenye sauti, nao muziki ujianzishao humfunika msomaji wake. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008 ulitaka sauti ijianzishayo yenyewe na kuzidi sekunde 3 iwe na njia ya kusimamishwa, au ya kupunguzwa bila kuigusa sauti ya mashine nzima. HTML5, iliyokamilishwa mwaka 2014, iliipa sauti alama yake pamoja na vitufe. Na tangu 2018 kivinjari Chrome huzuia kwa kawaida sauti isiyoombwa. Hata hivyo wapo walimu wafundishao hila za kukikwepa kizuizi hicho, jambo la ajabu kwa watu wanaojiita watumishi wa msomaji.

Kitufe kitupu nacho hakitoshi. Kando yake yapasa iandikwe ni nani asemaye, wa mji gani, na rekodi ilichukuliwa mwaka gani. Maana ikiwa msemaji wa neno kaa ametoka mahali pasipotofautisha kwa pumzi, mwanafunzi atasikia maneno mawili yaleyale na kudhani kwamba kamusi imekosea.