Misonobari ya Mwisho ya Shishkin

Mwaka 1898 mchoraji Mrusi Ivan Shishkin alikamilisha picha kubwa ya msitu wa misonobari ya milingoti ya meli, kule kwao karibu na mji wa Yelabuga. Mwaka huo huo alifariki akiwa kazini, mbele ya picha nyingine aliyoianza tu.

Wapo wanaomlaumu kwamba alihesabu majani na magome kama karani wa misitu, bila kutia moyo. Hatukubaliani nao. Zaburi ya 104 nayo huhesabu: mierezi, misonobari, korongo, wibari. Wale dubu wake maarufu wa mwaka 1889 (kwa kweli walichorwa na Savitsky) tunaweza kuwaacha. Ila hii ya mwisho tuitazame polepole. Vilele vimekatwa na ukingo wa picha. Hatuoni miti inakoishia. Jua limeyashika mashina ya katikati, nyuma yake ni giza. Chini kijito chapita, maji yake haba na maangavu. Mtu hayumo.

Shishkin alikuwa amezika wake wawili, Evgenia mwaka 1874 na Olga mwaka 1881. Sisi wachungaji tukifika msibani huwa na haraka ya kufariji, mara nyingine kabla hata ya kuketi na wafiwa. Yeye hana haraka hiyo. Amekaa na kila gome, na miti ambayo jina la picha limeshaitaja kwa kazi ya shoka ameipa mwanga wote.