Kompyuta Iko Dar es Salaam, Mwenyewe Yuko Miyuji: Uchambuzi wa Muunganisho Uliokatika

Tangu serikali ilipoazimia mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na hasa tangu mwaka 2016 azma hiyo iliposhika kasi, wako watu wengi ambao makazi yao yamehamia bara ilhali sehemu ya kazi zao ingali pwani. Tumchukue kwa mfano mhasibu aliyepanga nyumba Miyuji, kaskazini ya mji wa Dodoma, ambaye hesabu zake zimo katika kompyuta iliyobaki ofisini Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 450. Kila asubuhi huifungua kwa muunganisho wa mbali, akafanya kazi kana kwamba ameketi mbele yake. Asubuhi moja anabonyeza kitufe, anangoja kidogo, kisha anaambiwa kwamba kompyuta ya mbali haipatikani.

Katika Windows ujumbe huo hutaja sababu tatu kwa pamoja: ama kompyuta ile haikuruhusiwa kupokea miunganisho, ama imezimwa, ama haimo mtandaoni. Anayeanza kazi hii huusoma kama hukumu, walakini maana yake ni moja tu, kwamba programu imebisha hodi na haikuitikiwa. Na kwa kuwa sababu zote tatu huleta kimya kile kile, programu haina namna ya kuzipambanua. Basi yule abadiliye nywila, akazima ulinzi, akaweka na programu upya, yote kwa mpigo mmoja, hata muunganisho ukirudi hatajua ni lipi lililoutengeneza, na ukikatika tena atakuwa pale pale. Tartibu iliyo salama ni kuuliza swali moja kwa wakati mmoja, kuanzia karibu kwenda mbali, na kulihesabu kila jibu kuwa ithibati.

Swali la kwanza liko Miyuji. Mhasibu na afungue tovuti ambayo hajaifungua siku hiyo. Isipofunguka, Dar es Salaam haina taksiri, na uchunguzi uelekee kwenye ruta au bando. Ikifunguka, aache ruta na kujaribu muunganisho kwa hotspoti ya simu: ukikubali, kosa limo katika mtandao wa nyumbani.

Kwa swali la pili, ampigie simu mwenzake wa ofisini. Je, kompyuta imewaka? Nyingi hupangwa zijilaze zenyewe zisipoguswa kwa muda, na aghalabu umeme ukikatika kisha ukarudi hubaki zimezima mpaka mtu aziwashe. Ikiwa iko macho, mwenzake ajaribu kuifungua kwa njia ile ile kutoka kompyuta nyingine ya ofisi hiyo hiyo. Jaribio hili lina thamani kuliko mengine yote, kwa sababu hulikata tatizo vipande viwili: likifaulu, kompyuta ni nzima na kosa liko njiani, likishindikana, kosa liko katika kompyuta yenyewe. Hapo hutazamwa kama ruhusa ya kupokea miunganisho imewashwa, kama fayawoli, yaani programu ya ulinzi, haikuifunga njia, na kama toleo la Windows si Home, ambalo laweza kuunganisha kwenda kwingine lakini halipokei.

Jaribio hilo la ofisini likifaulu, twaingia katika jambo linalowasumbua wanaoanza kuliko yote, nalo ni anwani. Mwenzake huandika amri ya ipconfig, akasoma mathalan 192.168.1.20, akaituma Miyuji kwa simu, na mhasibu akaiandika kwa yakini kwamba amepata ufunguo. Lakini anwani zinazoanza na 192.168, kama zile zinazoanza na 10, ni za ndani tu. Maelfu ya ofisi na nyumba huzitumia zile zile kwa wakati mmoja, wala hazisafiri katika intaneti. Huenda nambari hiyo hiyo imepewa simu au printa iliyomo nyumbani mwake, naye akawa anabisha kwenye chombo kilicho chumba cha pili. Anwani ya ndani hufaa baada ya VPN kuwashwa, kwa kuwa VPN humwingiza mtu katika mtandao wa ofisi. Ndiyo maana VPN iliyokatika kimya kimya ni mshukiwa wa kwanza.

VPN ikiwa imewaka, ujaribiwe mlango wenyewe wa kupokelea muunganisho, ambao kwa kawaida ni nambari 3389. Amri ya ping haitoshi, kwani fayawoli huweza kuinyamazisha hata kompyuta iliyo nzima. Afadhali Test-NetConnection, ikifuatwa na anwani, kisha -Port 3389, ambayo hueleza kama mlango wenyewe umeitika.

Na ikiwa jibu litakuja kwamba jina au nywila si sahihi, hiyo ni nusu ya habari njema, maana njia imefika. Hapo ikumbukwe kwamba PIN ya kufungulia kompyuta haishiki nafasi ya nywila, na akaunti isiyo na nywila hukataliwa. Fauka ya hayo, katika mitandao mingi ya ofisi saa za kompyuta zikipishana zaidi ya dakika 5, utambulisho unaweza kukataliwa ingawa kila herufi ni sahihi.

Liko shauri moja ambalo mtu aliyechoka hupewa, nalo ni kuufungua mlango wa 3389 moja kwa moja kwa intaneti nzima ili VPN isihitajike. Nalipinga kwa moyo wote. Mnamo Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro iliyoitwa BlueKeep, ambayo ilimwezesha mgeni kuitawala kompyuta kupitia huduma hii hii bila nywila, nayo ilikuwa nzito hata kampuni ikatoa marekebisho kwa Windows XP, iliyokwisha kuacha kuihudumia. Hesabu za watu ni amana. Mhasibu wa Miyuji akikosa njia asubuhi moja hupoteza saa chache, bali mlango ukiachwa wazi kwa ulimwengu, hasara huwafika wote walioandikwa katika vitabu vyake.