Uvimbe Unaofuata Hedhi

Mwanamke wa Buhembe aliyewahi kujifungua kwa operesheni, akiota kivimbe kigumu pembeni mwa mshono, hufika hospitali ya mkoa pale Bukoba akiwa tayari amepewa majina kadhaa: ngiri, jipu, uzi uliobaki ndani, chango. Daktari anayeijua kazi yake hayabezi majina hayo. Anauliza, "Mama, kinauma zaidi siku zipi?" Kisha anatulia, amwache ahesabu.

Nauheshimu sana utulivu huo. Ugonjwa wenyewe, endometriosisi ya kovu, ni wa nadra. Huwapata wachache mno, chini ya mmoja katika kila wanawake 100 waliopasuliwa. Chembe za utando wa ndani wa mji wa mimba hudondokea kwenye jeraha wakati wa upasuaji, zikashika na kuota. Homoni za kila mwezi huzifikia hata huko, nazo huvuja damu isiyo na pa kutokea. Ndiyo maana kivimbe hujaa na kuuma mwanamke akiwa katika siku zake, kisha hunywea. Lakini si wote: wapo wengi ambao maumivu yao hayafuati hedhi, na hapo ndipo ustadi wa vidole hupimwa.

Daktari humwambia akohoe. Ngiri husukuma mkono. Kivimbe hiki hubaki palepale, kimeng'ang'ania ukuta wa tumbo. Ultrasaundi huonyesha doa jeusi lenye kingo zilizochongoka. Sindano ya kuchukua chembe haichomwi mpaka ngiri iwe imeondolewa mashaka, maana utumbo unaweza kuwa ndani yake.

Vidonge vya homoni hupoza maumivu, lakini mara nyingi vikiachwa, maumivu hurudi. Tiba ni kisu, na hapa napenda umakini wa daktari anayekichora kivimbe kwa wino mgonjwa akiwa bado macho, kwa kuwa akishalala kwa nusukaputi na misuli ikalegea, kivimbe kidogo huweza kupotea mkononi. Hakipasui. Anakizunguka, akichukua na nyama nzima ya pembeni ya angalau sentimita 1, kwani kipande kidogo kikisalia, ugonjwa huota tena. Pengo likiwa kubwa kwenye utando mgumu unaoshika misuli, huliziba kwa wavu wa upasuaji. Kilichotolewa huwekwa kwenye formalini kiende maabara ya patholojia, ambako tezi na chembe za mji wa mimba zikionekana chini ya darubini ndipo jina la ugonjwa linathibitika. Mara chache sana huonekana saratani. Hiyo pekee inatosha kutokitupa kipande chochote.

Nchini Tanzania, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta takriban mtoto 1 kati ya 10 akizaliwa kwa upasuaji, karibu mara mbili ya mwaka 2015. Makovu yanaongezeka. Akiruhusiwa kurudi Buhembe, mama huonywa asibebe ndoo ya maji wala mkungu wa ndizi kwa wiki kadhaa, na wa nyumbani huambiwa hivyo hivyo, mbele yake.