Vivuli vya Tervuren

Bustani ya kifalme ya Tervuren, karibu na mji wa Brussels, tuliizuru wakati wa baridi, miti ikiwa imepukutika. Majani yasipokuwapo, majengo yote huonekana waziwazi: kikanisa cha Mtakatifu Hubert, Kasri ya Makoloni ya mwaka 1897, na jumba kubwa la makumbusho ya Afrika, lililosanifiwa na Charles Girault na kufunguliwa mwaka 1910. Kwamba ni majengo mazuri, hatukatai. Lakini msomaji na ajue yalivyoanza.

Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliletewa humu Wakongo 267 ili Wabelgiji wawatazame katika vijiji vya maonyesho. Saba kati yao walifariki: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren.

Ndani ya makumbusho umo ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo kati ya mwaka 1876 na 1908. Wakongo waliokufa miaka hiyohiyo haukuwataja. Jumba lilipofunguliwa tena Desemba 2018, baada ya matengenezo ya miaka mitano, ilionekana humo kazi ya Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa, iitwayo Vivuli. Majina ya wale saba yamewekwa kwenye vioo vya madirisha. Jua likiwaka, vivuli vyake huangukia ukuta ule.

Twaisifu fikra hiyo. Msanii hakuubomoa ukuta wala hakuufunika, bali amewafanya marehemu wapite juu yake. Tena neno kivuli katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja: ni mahali pa kujikinga na jua, na pia ni mzuka wa aliyekufa. Maana zote mbili zimo.

Walakini baridi yatufunza upungufu wake. Katika nchi hiyo jua la majira hayo ni haba, na mawingu ni mengi. Majina ya Wabelgiji husomeka ukutani mwaka mzima. Vivuli vya Wakongo hungoja jua. Kama sanaa, kazi hii yasema kweli kuhusu kumbukumbu yenyewe ilivyo. Kama ukumbusho, haitoshi: waliokufa ugenini wastahili nao kuandikwa katika jiwe, wasomwe hata siku ya mawingu.