Mtabiri na Rubani: Uchambuzi wa Istilahi za Hali ya Hewa

Miongoni mwa istilahi ambazo umma huzisikia kila siku pasipo kuzipima ni zile za hali ya hewa. Aghalabu kila kauli ya wataalamu wa fani hiyo huitwa "utabiri". Mazoea haya yana kasoro, nayo hudhihirika zaidi katika usafiri wa anga.

Rubani aendaye Mwanza hupewa habari za namna tatu. Ya kwanza ni uangazi, yaani yale yaliyopimwa uwanjani saa hiyo: upepo, mawingu, umbali wa kuona na kanieneo ya hewa. Ya pili ni utabiri, yaani yatarajiwayo katika saa zijazo. Ya tatu ni onyo la hatari njiani, kama vile mawingu ya radi. Kwa utabiri hukadiria mafuta na kuchagua uwanja wa akiba. Kwa uangazi hupima kama yafaa kutua. Habari hizo zikichanganywa, uamuzi hukosa msingi.

Neno "mtabiri" nalo lina uzito wake. Huko Binza, mkoani Simiyu, kama kwingineko Usukumani, afumbuaye yaliyofichika kwa jadi ni nfumu, wala hadaiwi vipimo. Mtabiri wa hali ya hewa hufundishwa kupima, kukadiria uwezekano, na kurekebisha kauli yake hali ibadilikapo. Asiyeijua tofauti hiyo humwita mwongo mvua isiponyesha. Hata hivyo, neno hili limekwisha kuenea. Hatupendekezi litupwe, bali maana yake ifafanuliwe.

Huu si mchezo wa maneno. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 kati ya 43 walifariki. Hatudai kwamba lugha ndiyo iliyoleta msiba ule. Twasema kwamba umma wenye istilahi sahihi ndio uwezao kuuliza sawasawa: nini kiliangaziwa, nini kilitabiriwa, na onyo gani lilitolewa?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania yastahili sifa kwa kutenga "angalizo", "tahadhari" na "tahadhari kubwa". Tunapendekeza uangalifu huohuo uingizwe katika mafunzo ya watabiri, kwani kujua hali ya anga bila kuweza kuieleza ni nusu ya kazi.