Mkono Unaong'oa Kiduha

Shamba la shangazi liko Chamazi, mwisho wa Temeke: robo eka ya kichanga iliyobanwa na kuta za nyumba mpya. Mahindi yamefika kiunoni, na chini yake vimechomoza vimelea vya maua mekundu, vizuri utadhani vimepandwa. Ni kiduha.

Hapa shangazi hashiki jembe. Anachuchumaa, anapenyeza vidole viwili mchangani kufuata shina, anavuta taratibu lisikatike, kisha anakitumbukiza kwenye kiroba. Kilichochanua hakitupwi pembeni hata siku moja. Kimoja huweza kumwaga mbegu 50,000, nyepesi kama vumbi, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri.

“Haya mahindi yameshanyonywa, mwanangu,” ananiambia. “Nang'olea ya miaka ijayo.”

Kweli tupu. Kiduha hunyonya chini kwa chini majuma kadhaa kabla hakijatokeza. Na mbegu zake haziamshwi na mvua peke yake, zinangoja strigolaktoni. Ndani ya mmea hiyo ni homoni inayozuia matawi yasichipue ovyo, jambo lililobainika mwaka 2008. Nje ya mzizi ni wito: mahindi yenye njaa ya fosforasi huimwaga udongoni kuita kuvu waje kuisaidia mizizi. Kiduha hudukiza wito huo. Mbegu huota ikiwa milimita chache tu kutoka kwenye mzizi, na isipoushika ndani ya siku chache, imekufa.

Ndiyo maana natazama kunde zake kwa heshima. Amezipanda katikati ya mistari, kama alivyofundishwa na bibi. Mizizi ya kunde nayo huziamsha mbegu za kiduha hiki, lakini hazipati pa kunyonya. Hata strigoli, ya kwanza kutambuliwa katika jamii ya strigolaktoni, ilipatikana Marekani mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiuwezi.

Kwa mtama zipo Hakika na Wahi, mbegu zinazostahimili kiduha, zilizoidhinishwa nchini mwaka 2002. Shangazi anataka mahindi, basi anang'oa.

Jioni anamwaga kiroba shimoni na kuwasha moto. Haondoki. Anavua kandambili, anazigonganisha juu ya ndimi za moto, kisha anakung'uta pindo la khanga yake hapo hapo, mara tatu.