Kulitafuta Gita la Pili

Ukiuliza bei ya hedifoni Tunduma, mchuuzi hutanguliza besi kabla ya shilingi. "Hizi besi lake balaa, kaka," atasema, na hujajibu neno amekwisha kukuvisha, wimbo unakugonga fuvu. Wengi hulipa papo hapo, kwa shilingi au kwa kwacha, maana mpakani pesa zote mbili zinapita. Wachache humkera kidogo: huomba sauti ipunguzwe. Hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Mwenye ufundi wa kuchagua haji dukani mikono mitupu. Anakuja na wimbo wake, ule anaoujua hata pale mwimbaji anapovuta pumzi. Kwa wimbo mgeni utajuaje kilichokosekana? Na mji huu haukosi nyimbo za kupimia. Ng'ambo ya pili, Nakonde, kuna kalindula, muziki wa Zambia unaotembea juu ya besi. Huku kwetu kuna dansi la kina Marijani Rajab na Mbaraka Mwinshehe, ambamo magita yanasemezana na hakuna linalopiga kelele. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwanzoni mwa 1979. Julai mwaka huohuo Sony wakaanza kuuza Walkman, kicheza kaseti cha kusikilizia kwa hedifoni, kule Japani. Muziki alioupiga kwenye kumbi zilizojaa watu sasa unachezwa ndani ya kichwa kimoja, na humo ndimo gita lake linapodai haki yake.

Uzi mnene kuliko zote wa gita la besi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Hedifoni njema huuacha utetemeke, kisha ukome. Mbovu huuvimbisha ukaendelea kuunguruma, ukilifunika gita la rithimu lililo nyuma yake. Basi msikilizaji wetu halisikilizi besi hata kidogo. Analitafuta hilo gita la pili. Likimjia lenyewe, bila kulikazia sikio, anaingiza mkono mfukoni.

Kipimo kingine ni rekodi ya zamani ya mono, yenye sauti ileile kushoto na kulia. Sauti ya mwimbaji isimame katikati kabisa ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja, spika mbili za hedifoni hazilingani. Ikiwa tupu na kutawanyika, kana kwamba mwimbaji hayupo mahali popote, huenda waya za upande mmoja zimeunganishwa kinyume. Hapo hata punguzo la bei halisaidii.

Maandishi ya boksi niyapite haraka. "Hz 20 hadi 20,000" imechapishwa kwenye boksi la elfu tano na la laki tano vilevile. Omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, ndizo za kutazama: 32 zinaitosha simu, ilhali hedifoni za studio zenye omu 300 zitakunong'oneza tu.

Ndani ya kila hedifoni ya kawaida kuna koili ya waya mwembamba kama unywele, aghalabu wa shaba, iliyobandikwa kwenye utando mbele ya sumaku. Umeme wa wimbo ukipita, koili inacheza, utando unasukuma hewa. Shaba ya Zambia na ya Katanga hupita Tunduma kila siku juu ya malori yaendayo bandari ya Dar es Salaam, tani kwa tani. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya forodha, waya wa simu ukining'inia shingoni, amebeba nyuma yake shaba ya koili nyingi kuliko masikio ya mkoa mzima wa Songwe.

Huyo dereva ana shida ambayo mpenzi wa muziki wa sebuleni haijui: injini, honi, upepo. Akizidiwa na kelele hupandisha sauti, na masikio hulipa. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Dawa ya kelele hizo ni vile vimpira vidogo vya saizi tatu vya hedifoni za kuingiza sikioni, ambavyo wanunuzi wengi huviacha ndani ya boksi. Kimpira kikiziba tundu la sikio sawasawa, besi lote linarudi na kelele za nje zinapungua. Nusu ya sauti ya simu inatosha. Avijaribu vyote, mchuuzi ahemke apendavyo. Na akishuka kuvuka barabara kwenda kunywa chai, azivue hedifoni.